Pima Kwanza, Kanuni Baadaye: Mwongozo wa Mwendo na Kani kwa Vifaa vya Mwaloni

Kila Januari, Kidato cha Kwanza wakianza fizikia, maswali ni yaleyale. Tungamo na uzito vinatofautianaje, mbona mizani ya samaki inaonyesha kilo tu? Mwendokasi na velositi si kitu kimoja? Mchapuko ni mita kwa sekunde kwa sekunde, hiyo sekunde ya pili inafanya nini pale? Wazazi nao wana la kwao: shule haina maabara ya maana, mtoto atajifunzaje?

Jibu langu halijabadilika. Funga daftari la maana za maneno, chukua kamba na simu, nenda ukapime. Maneno haya yote yalizaliwa kwenye kupima, na ukiyakariri kabla hujapima yatakutoka siku ya mtihani. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Mwanza au mahali popote kando ya Ziwa Victoria, ambaye mwaloni (pale wavuvi wanaposhushia samaki), mtumbwi na jiwe haviko mbali naye. Fuata hatua kwa mpangilio, maana namba za hatua moja zinatumika katika nyingine.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kamba ya mita 21 au 22, na futikamba ya fundi ya kuipimia.
- Simu yenye saa ya kuhesabia sekunde. Kitochi kinatosha.
- Rula ya sentimita 30.
- Gololi moja ya kioo, isiyo na pengo.
- Ubao ulionyooka wa mita 2, pamoja na mfereji wa plastiki ambao mafundi umeme hufichia nyaya. Kipande cha mita 2 kinapatikana duka lolote la vifaa vya umeme.
- Mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Tafuta inayoishia kilo 5 au 10. Ile kubwa ya kilo 50 au 100 ya kupimia sangara haitakusaidia hapa, kwa sababu mistari yake iko mbali mbali mno.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndoo, tofali mbili za kuchoma, na jiwe moja linaloingia ndani ya ndoo bila kugusa kingo.
- Daftari, kalamu na mwenzako mmoja. Peke yako hutaweza.

Tahadhari mbili kabla ya yote. Maji ya ukingoni, hasa penye majani na konokono, yana kichocho, hivyo majaribio ya maji fanyia kwenye ndoo ya maji ya bomba, usiingie ziwani kwa ajili ya fizikia. Na kwa hatua ya mtumbwi, mwenye chombo awepo, kila mtu avae jaketi okozi, na msitoke mbali na ufuko. Anayekwambia "ni hapo hapo tu" bila jaketi, mwache aende mwenyewe.

Hatua ya 1: Tengeneza kamba ya mita 20

Kamba ya nailoni ndiyo utakayoipata haraka mwaloni, ila inavutika. Ifunge kwenye misumari miwili, ikaze kwa nguvu ileile utakayoitumia siku zote, ndipo uweke alama kila mita kwa uzi mwekundu ulioshonwa au kwa wino. Ya katani ina tatizo jingine: ikilowa hufupika, kwa hiyo usiiache kwenye umande.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupiga fundo kila mita. Kila fundo linakula kamba, na ukifika alama ya ishirini umeshapoteza urefu ambao huna namna ya kuurudisha. Shona uzi, usipige fundo.

Utagundua pia kwamba kile kibati cha mwanzo wa futikamba kinacheza. Usikigongomee. Kimelegezwa makusudi, kisogee kiasi cha unene wake, ili upimapo kwa kusukuma ndani ya kona au kwa kuvuta ukingoni upate namba ileile.

Hatua ya 2: Jua mkono wako unachelewa kiasi gani

Hii wengi huiruka, kisha wanashangaa majibu hayakubaliani. Mwenzako aninginize rula wima, sifuri ikiwa kati ya kidole gumba na cha shahada, nawe usiiguse. Aiachie bila kukuonya. Idake, kisha soma sentimita zilizopo kidoleni.

Ukidaka kwenye sm 15, umechelewa sekunde 0.17 hadi 0.18. Sm 20 ni sekunde 0.20, sm 25 ni kama 0.23. Rudia mara kadhaa, chukua wastani, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Hilo ndilo kosa utakalotembea nalo kila unapobonyeza simu. Ukipima tukio la sekunde moja, kosa hilo ni kama sehemu moja ya tano ya jibu zima. Ukipima la sekunde ishirini, halina neno. Basi ukiweza kurefusha umbali, urefushe.

Hatua ya 3: Pima mwendokasi wa mtu anayetembea

1. Nyoosha kamba chini, sehemu tambarare.
2. Mwenzako aanze kutembea mita chache kabla ya alama ya sifuri, ili akifika hapo awe ameshashika mwendo wake.
3. Bonyeza simu akipita sifuri, bonyeza tena akipita mita 20. Simama katikati au mbele ya alama unayoitazama. Ukiitazama kwa upande utaona amepita kabla hajapita.
4. Rudia mara tatu.

Tuseme umepata sekunde 15.2, 14.8 na 15.6. Wastani ni 15.2. Gawanya 20 kwa 15.2: mita 1.3 kwa sekunde. Simu itakuandikia 1.315789, lakini usiinakili. Kamba yako na mkono wako havijui chochote kuhusu hizo tarakimu za mwisho. Ukitaka kilomita kwa saa, zidisha kwa 3.6, utapata 4.7.

Sasa mwambie atembee mita 20 kwenda na 20 kurudi. Umbali aliotembea ni mita 40, na mwendokasi wake wa wastani ni uleule. Lakini yuko palepale alipoanzia, kwa hiyo velositi yake ya wastani kwa safari nzima ni sifuri. Velositi inauliza umefika wapi na upande gani. Mwendokasi unauliza tu umekanyaga kiasi gani cha ardhi kwa muda huo. Swali la pili la utangulizi limeshajibiwa bila kukariri kitu.

Zoezi la njiani: Daraja la J.P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, lina urefu wa kilomita 3 hivi. Basi likilipita kwa kilomita 50 kwa saa, litatumia dakika ngapi? (Ukipata 3.6, kumbuka ni dakika 3 na sekunde 36, si dakika 3 na sekunde 6 wala 60.)

Hatua ya 4: Pima mtumbwi ukiwa ndani yake

Hatua hii ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayofundisha zaidi. Nenda asubuhi mapema, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Kuanzia mchana upepo huo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu na utakuharibia kila kitu.

1. Mtumbwi ukiwa ufukoni, pima kutoka omo hadi tezi, yaani ncha ya mbele hadi ya nyuma. Tuseme ni mita 8.
2. Mkiwa majini, wapiga kasia wakishashika mwendo mmoja, aliye omo adondoshe kipande cha ganda la chungwa pembeni, akiita "Sasa!" Adondoshe, asirushe mbele.
3. Aliye tezi na simu aanze kuhesabu kwa sauti hiyo, asimamishe ganda likipita usawa wake.

Kwa nini ganda la chungwa? Linaelea huku karibu lote limezama, hivyo upepo hauna pa kulishika. Chupa tupu inaelea juu juu na itakimbizwa na upepo, halafu utaandika kasi ya upepo ukidhani ni ya mtumbwi. Tena ganda huozea ziwani, chupa haiozi.

Ganda likichukua sekunde 4, mtumbwi unakwenda mita 2 kwa sekunde, yaani kilomita 7.2 kwa saa. Wa melini watakwambia ni karibu noti 3.9, kwa kuwa noti moja ni maili ya baharini, mita 1,852, kwa saa. Mabaharia wa zamani walipima meli zao kwa njia hii hii, kwa kipande cha ubao na kuhesabu.

Mwenye simu ya GPS atabisha, kwa sababu yake inaonyesha 6.5. Msigombane, wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Ganda linakupa mwendokasi wa mtumbwi ukilinganisha na maji, simu inakupa mwendokasi ukilinganisha na ardhi. Maji ya juu yenyewe yakisukumwa na upepo dhidi yenu, namba hizo mbili haziwezi kufanana. Geuzeni mtumbwi, mpime mkirudi kwenye mstari uleule: safari hii simu itaizidi ganda. Kwa hiyo kila unapoandika mwendokasi, jiulize ni ukilinganisha na nini.

Boti ya mashine itapita ganda kwa sekunde moja na kidogo, na hatua ya 2 imeshakwambia kasoro yake. Hiyo ipime ukiwa ufukoni: weka miti miwili umbali wa mita 100, yaani kamba yako mara tano, na uhesabu boti ikipita usawa wa mmoja hadi wa pili.

Hatua ya 5: Gololi kwenye mteremko

Laza mfereji juu ya ubao, ubandike usipinde katikati. Inua ncha moja sm 10 kwa kitabu au kipande cha tofali. Weka alama sm 50 na sm 200 kutoka sehemu ya kuachilia.

Zuia gololi kwa rula, kisha inua rula. Usiiachilie kwa vidole, maana vidole husukuma bila wewe kujua. Pima muda hadi sm 50, mara tatu. Halafu muda hadi sm 200, mara tatu.

Utapata kitu karibu na sekunde 1.7 na sekunde 3.5. Tazama vizuri namba hizo. Robo ya njia imekula nusu ya muda, na robo tatu zilizobaki zimekula nusu nyingine. Gololi inaongeza mwendo, na inaongeza kwa utaratibu. Galileo aliona jambo hili kwa mteremko wa mbao miaka 400 iliyopita, bila saa ya sekunde.

Mchapuko unapatikana hivi: mara mbili ya umbali, gawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. Mara mbili ya mita 2 ni 4, 3.5 mara 3.5 ni 12.25, jibu ni karibu 0.33. Maana yake, kila sekunde inayopita, gololi inaongezewa mwendokasi wa mita 0.33 kwa sekunde. Ndiyo kazi ya ile sekunde ya pili: ya kwanza ni ya mwendokasi, ya pili inasema mwendokasi huo unabadilika kila baada ya muda gani.

Kupunguza mwendo nako ni mchapuko, wenye alama ya kutoa. Daladala ikiwa kwenye kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, ikasimama kwa sekunde 4, mchapuko wake ni -2.5. Abiria aliyesimama mlangoni anainamia mbele, anamlaumu aliye nyuma yake. Hakuna aliyemsukuma. Gari limepunguza mwendo, mwili wake ukaendelea na ule uliokuwa nao. Hiyo ndiyo inesha.

Hatua ya 6: Kilo na nyutoni

Ining'inize chupa yenye lita moja ya maji. Mizani isome kilo 1, na gramu chache za chupa yenyewe. Ongeza kwa ndoo: lita 2, lita 3, ukitoa uzito wa ndoo tupu. Isipopanda sawasawa, andika inakosea kiasi gani na usahihishe kila namba baadaye. Mizani ya kujifunzia isitumike kuuzia. Ya biashara lazima iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Sasa zidisha kilo kwa 9.8. Kilo 1 inavutwa chini kwa kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ya nyutoni 9.8. Tungamo ni kiasi cha kitu chenyewe na hupimwa kwa kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta nayo, na hupimwa kwa nyutoni. Mizani yako ina springi ndani, kwa hiyo inachohisi hasa ni mvuto; kiwanda ndicho kilichoandika kilo usoni pake.

Ungeipeleka mwezini na sangara wa kilo 6, ingesoma karibu kilo 1, maana mvuto wa kule ni kama sehemu moja ya sita ya wetu. Mizani ya mawe ingesoma 6 palepale, kwani samaki na mawe vyote vinavutwa kidogo kwa kiasi kilekile.

Vitabu vingi huandika 9.81. Mwanza ni karibu na 9.78, kwa sababu tuko jirani na ikweta na uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo mizani yako haiwezi kuiona, kwa hiyo 9.8 inatosha. Mtihani ukisema tumia 10, tumia 10.

Hatua ya 7: Vuta tofali

Funga kamba fupi kwenye tofali, ndoano ya mizani ivute kamba hiyo kwa mlalo. Ukiinua mkono kidogo unalipunguzia tofali uzito na namba inakudanganya.

Vuta taratibu juu ya ubao. Namba itapanda, tofali ling'oke, kisha namba ishuke na kutulia. Andika zote mbili. Kuling'oa kunataka kani kubwa kuliko kuliendesha, na anayesukuma mtumbwi kutoka mchangani analijua hilo mgongoni. Tuseme tofali ni kilo 3 na linatembea mizani ikisoma 1.5. Kani ya msuguano ni 1.5 mara 9.8, nyutoni 14.7. Gawanya 1.5 kwa 3: 0.5. Namba hiyo haina kizio, yaani si ya kilo wala ya nyutoni, na ni ya tofali hilo juu ya ubao huo.

Jaribu haya matatu, ukiandika unachotarajia kabla ya kuvuta:

- Pandisha tofali la pili juu ya la kwanza. Kani itakuwa karibu mara mbili.
- Lilaze tofali kwa ubavu mwembamba. Wengi husema itapungua. Haibadiliki sana.
- Weka kalamu tatu za mviringo chini yake, kama wavuvi wanavyoweka magogo chini ya mtumbwi. Mizani karibu itarudi sifuri.

Hatua ya 8: Zamisha jiwe

Pima jiwe hewani. Kisha literemshe ndani ya ndoo ya maji likiwa bado kwenye ndoano, lizame lote, lisiguse chini wala pembeni. Soma tena.

Mawe ya Mwanza mengi ni itale. Jiwe la kilo 2.6 litasoma kama 1.6 likiwa majini. Ile kilo 1 iliyopotea ni uzito wa maji yaliyopishwa, yaani lita 1, kwa hiyo jiwe lina ujazo wa lita 1 na densiti ya kilo 2.6 kwa lita. Umepima ujazo wa kitu kisicho na umbo kwa mizani ya samaki.

Kama kuna mizani ya mezani, weka ndoo juu yake kabla ya kuzamisha. Jiwe likiingia, ya mezani itaongezeka kilo ileile iliyopungua kwenye ya kuning'iniza, ingawa jiwe halijagusa ndoo. Maji yanasukuma jiwe juu, jiwe linasukuma maji chini. Kila kani ina mwenzake.

Mtumbwi ni hesabu hiyo hiyo: kila kilo unayopakia inataka lita moja zaidi ya maji ipishwe, na chombo kinazama kiasi hicho hadi ukingo uliobaki juu ya maji unakwisha.

Majibu yakigoma

*Muda unatofautiana sana kila mara.* Umbali ni mfupi, au anayebonyeza anabadilishwa. Refusha umbali, mtu mmoja abonyeze mwanzo na mwisho.

*Gololi inasimama njiani au inagongagonga.* Mfereji umepinda katikati au una vumbi. Ufute, uegemeze ubao katikati kwa kipande cha mbao.

*Mchapuko wa gololi ni mdogo kuliko wa rafiki yako.* Angalia kimo cha ncha kwanza. Sm 8 na sm 10 hazitoi jibu moja.

*Mizani hairudi sifuri.* Springi imechoka, pengine iliwahi kubebeshwa kuliko uwezo wake. Kama inaanzia gramu 100, toa 100 kwenye kila namba. Kama inaanzia pengine kila siku, itafutie nyingine.

*Jiwe limepoteza uzito mdogo kuliko ulivyotarajia.* Kuna sehemu iko nje ya maji. Likipoteza mwingi kupita kiasi, limekaa chini ya ndoo.

*Msuguano unabadilika kila ukivuta.* Ubao umelowa, au una mchanga. Unaweza kuufuta, unaweza pia kuuacha mchanga makusudi, ukapima na kuandika "ubao wenye mchanga" kwenye safu yake.

*Hesabu imetoka ya ajabu, mtu anatembea kilomita 130 kwa saa.* Hapo ni vizio. Umechanganya sentimita na mita, au dakika na sekunde. Rudi kwenye daftari uone ni mstari gani uliandika namba tupu bila kizio.